Lake Fork Imejaa Maboti, Tuhame au Tubaki?

Kaka mmoja anayeishi Garland, pale jirani na Dallas, ameniuliza hivi, nafupisha: wako watano, Wakenya watatu na Watanzania wawili, kila mwaka wikendi ya pili ya Machi wanaenda ziwa la Lake Fork, mashariki ya Texas, siku tatu kuvua samaki wanaoitwa besi, Ijumaa mpaka Jumapili, nyumba wanapanga ileile, boti lao moja la futi 17, na wawili kati yao hawajawahi kunasa besi hata mmoja. Mwaka wa kwanza walipata vizuri, lakini miaka miwili ya karibuni wanarudi na stori tu, asubuhi wanapanga foleni kushusha boti majini, kila kona wakifika wanakuta watu. Sasa kikundi kimegawanyika, wengine wanataka wahamie ziwa la Toledo Bend, mmoja kasikia habari za ziwa lingine, O.H. Ivie, mwingine anasema tuachane na besi kabisa twende baharini Galveston. Swali lake la mwisho: "Ziwa limechoka au ni sisi hatujui?"

Kaka, ziwa halijachoka, na nyie pia sidhani ndo tatizo kubwa. Tatizo ni tarehe. Mi ningebaki Fork na ningehamisha kalenda, na kama kalenda haihamishiki kwa sababu za kazi na shule za watoto, hapo ndo ningehama ziwa. Sasa ngoja nieleze vizuri manake hili swali naulizwa sana na watu wanachanganya mambo mawili tofauti.

Jambo la kwanza ni kwamba ziwa kujaa wavuvi na ziwa kuisha samaki ni vitu viwili. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia ziwa lina wavuvi wengi akili inaenda moja kwa moja kwenye nyavu. Chukua Naivasha, besi walipelekwa pale kutoka hukuhuku Marekani mwaka 1929, na ilipofika 2001 hali ya samaki ilikuwa mbaya mpaka uvuvi ukafungwa mwaka mzima ziwa lipumue. Pale samaki wanatolewa majini wanaenda sokoni, kwa hiyo wavuvi wakizidi samaki wanapungua kweli. Fork sivyo. Fork watu wanavua kwa ndoano, na sehemu kubwa ya besi wanaonaswa wanarudishwa majini, kwanza kwa mazoea ya wavuvi wenyewe na pili kwa sheria: pale Fork besi wa urefu kati ya inchi 16 na 24 haruhusiwi kuchukuliwa, unaweza kubaki na wa inchi 16 kushuka chini, au wa 24 kwenda juu, na huyo mkubwa ni mmoja tu kwa siku kwenye jumla ya watano. Maana yake samaki wazuri wote wa kati wanabaki humo humo, wanakua.

Ushahidi upo. Mwaka 2019 mashindano makubwa ya Bassmaster Elite yalifanyika Fork, mshindi Brandon Cobb akamaliza siku nne na pauni 114. Mwaka 2021 na 2022 wakarudi tena, akashinda Lee Livesay mara zote mbili, na mara zote mbili alivuka pauni 110. Pale wanahesabiwa samaki watano bora kwa siku, kwa hiyo siku nne ni samaki ishirini, piga hesabu mwenyewe, wastani ni zaidi ya pauni tano na nusu kwa samaki, yani kilo mbili na nusu kila mmoja. Ziwa lililochoka halitoi samaki hao, tena siku ambazo majini wapo mabingwa kibao wanagombania sehemu zilezile.

Ila samaki hao wameshaona mengi. Besi aliyenaswa akarudishwa anabaki majini na kumbukumbu yake, na kuna kitu kingine watu hawakijui, huko jimbo la Illinois kwenye ziwa dogo linaitwa Ridge Lake watafiti walianza miaka ya 1970 kuweka alama kila besi aliyenaswa, wakaona wengine wananaswa mara nyingi msimu mmoja na wengine hawanaswi hata mara moja, wakachukua makundi hayo mawili wakazalisha kila kundi peke yake, vizazi baada ya vizazi tofauti ikaendelea kuonekana. Kwa hiyo wepesi wa kunaswa unarithiwa kwa kiasi fulani. Ziwa linalopigwa ndoano kila siku linabaki na samaki wengi wa aina ile ngumu pamoja na wale waliokwisha kuchomwa midomo wakapata akili. Hao ndo mnaokutana nao nyie Machi, halafu mnakutana nao pamoja na nusu ya Texas.

Kwa nini Machi ni mbaya kwenu? Kila mvuvi anajua Machi ndo besi wanapanda maji mafupi kutaga, na ni kweli, kwenye maziwa ya mashariki ya Texas kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili samaki wakubwa wanasogea vijito na ghuba za maji mafupi. Kwenye karatasi inaonekana ndo wakati wenyewe. Lakini fikiria, Fork ina kama ekari 27,000, yani kilomita za mraba 110 hivi, ndogo kidogo kuliko Naivasha. Ikifika Machi samaki wanaotafutwa wako ukingoni tu, kwenye maji ya kufika kiunoni mpaka yakuzidi kimo kidogo, na maboti yote yanafuata hukohuko. Kwa hiyo hamgombanii ziwa zima, mnagombania utepe mwembamba kando ya ziwa. Ongeza likizo za shule za katikati ya Machi, familia zote ziko nje. Ongeza mashindano ya klabu za wikendi. Halafu hali ya hewa ya Machi huku unaijua, leo joto, kesho kaskazini inaleta ubaridi na anga inakuwa bluu tupu, samaki anafunga mdomo siku mbili. Nyie mna siku tatu tu. Ukipata ubaridi mmoja kwenye hizo siku tatu safari imeisha, na ndo naona kilichowapata, mwaka wa kwanza mlibahatika na hali ya hewa tu.

Sasa Novemba. Ningewapeleka wiki ya pili au ya tatu ya Novemba. Sababu ya kwanza si ya samaki hata kidogo, ni ya swala: msimu mkuu wa kuwinda swala Texas unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na sehemu kubwa ya watu wanaovua besi ndo haohao wanaowinda, boti linafunikwa turubai linabaki uani. Wale wasiowinda wako kwenye futiboli yao. Ziwa linapungua watu mpaka unashangaa kama ni lilelile. Sababu ya pili ni kwamba maji yanapoa, dagaa wa humu wanaoitwa shadi wanaingia kwenye vijito na besi wanawafuata wanakula kwa nguvu kujiandaa na baridi, na wanakuwa wametawanyika, wengine kwenye majani, wengine kwenye kingo za mkondo wa zamani, wengine kwenye miti iliyokufa. Kwa hiyo hata maboti yaliyopo hayasongamani sehemu moja.

Na kama mtu kwenye kundi anabisha kwamba samaki mkubwa ni wa Machi, mpe historia. Ethel, besi wa pauni 17.67 aliyevunja rekodi ya jimbo na ndiye aliyeanzisha ule mpango wa ShareLunker ambao jimbo linachukua majike wa pauni 13 kwenda juu kuwazalisha, alinaswa Fork Novemba 1986. Rekodi ya Texas inayosimama mpaka leo, pauni 18.18, ni ya Fork pia, Januari 1992, na jamaa aliyemnasa hata besi alikuwa hamtafuti, alikuwa anavua krapi, samaki wengine wadogo wa kula, kwa chambo cha samaki wadogo hai kwenye maji ya kina. Sisemi mkienda Novemba mtapata wa pauni 17, hapana, wengi wetu tutakufa hatujamuona. Nasema hao wakubwa wapo ziwani miezi yote kumi na mbili.

Siku za wiki nazo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ijumaa mpaka Jumapili ni siku mbovu kuliko zote, na Jumatatu bado samaki wana wenge la wikendi. Mkiweza kuomba ruhusa kazini mwende Jumanne mchana mpaka Ijumaa asubuhi hiyo pekee inabadilisha safari hata bila kubadilisha mwezi. Najua kuna wenzetu wanafanya shifti za hospitali na wengine wanaendesha malori, ratiba ngumu, lakini shifti za namna hiyo mara nyingi ndo zinampa mtu siku za katikati ya wiki, tatizo linakuwa kwa wenye kazi za ofisi. Kaeni mpige kura mapema, ruhusa ya Novemba iombwe Agosti.

Tuje kwa wanaotaka kuhama. Toledo Bend ni ziwa zuri sana, liko mpakani mwa Texas na Louisiana, lina kama ekari 180,000, yani Fork inaingia humo mara sita na chenji inabaki. Gazeti la Bassmaster liliitaja ya kwanza Marekani nzima mwaka 2015 na 2016 mfululizo. Sam Rayburn nayo ni zaidi ya ekari 114,000. Kwa hiyo kama Machi haihamishiki kabisa, nendeni mojawapo ya hizi mbili, kwa sababu hata Machi ukikuta ghuba imejaa unawasha injini unatafuta nyingine, zipo za kutosha. Ila kuna gharama zake. Kutoka Garland Fork ni saa moja na nusu, kule ni saa tatu na nusu mpaka nne ukivuta boti, kwa hiyo siku ya kwanza na ya mwisho zimeliwa na barabara. Maji ni wazi na upepo ukiamka mawimbi yanakuwa ya kutisha kwa boti dogo, nyie wenye boti la futi 17 mtakaa ghubani mnatazama. Na ukubwa wenyewe ni tatizo kwa wageni, siku tatu kwenye ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 700 hulijui, unaweza kumaliza siku zote unatafuta tu. Fork angalau mmeshaijua kidogo, na ziwa unalolirudia kila mwaka thamani yake ni hiyo, kila safari unaongeza sehemu mbili tatu kichwani.

O.H. Ivie mi ningeiacha. Ni kweli kuanzia 2021 imetoa majitu ya pauni 13 kwenda juu mpaka watu wakawehuka, lakini ndo hapo, wakawehuka wote wakaenda. Iko mbali upande wa San Angelo, maji yake yalikaa miaka mingi chini sana ya kiwango kwa sababu ya ukame, na wanaofanikiwa pale wengi wanatumia zile sona za kutazama mbele, zilizoshika kasi tangu Garmin walipotoa LiveScope 2018, mtu anamuona samaki mmoja mmoja kwenye skrini na kumfuata. Kama hamna hicho kifaa na hamjui kukitumia, mtakuwa mnavua mabaki ya wenye nacho.

Na wa Galveston mwambieni wazo lake si baya, ila hiyo ni safari nyingine kabisa, chambo kingine, boti lingine, na leseni ya maji chumvi juu yake. Wekeni yake ya pembeni wakati wa joto.

Sasa mkishafika Fork, mwezi wowote, mnavuaje kwenye ziwa lililopigwa namna hiyo? Kosa ninaloliona kwa vikundi vya wikendi ni kwamba wote wanafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Wanaenda ukingoni, wanarusha kuelekea nchi kavu, wanavuta haraka, hakuna kitu, wanahama. Samaki wa Fork ameona spinabeti, kile chambo bandia chenye bati linalozunguka, tangu akiwa na urefu wa kidole. Geuzeni mgongo kwenye ukingo. Tafuteni ile sehemu ambapo ghuba inakutana na mkondo wa zamani wa kijito, kina kinashuka kutoka futi nane kwenda kumi na tano ghafla, hapo samaki wanasimama wakipanda na wakishuka, na boti nyingi zinapita juu yao zikikimbilia ndani ya ghuba. Zimeni injini kubwa mbali, muingie kwa mota ya umeme taratibu, msiibadilishe kasi kila dakika manake samaki wa ziwa la fujo anajua sauti hiyo. Mambo ya kudondosha vifuniko vya sanduku na redio, acheni nyumbani.

Chambo punguzeni ukubwa na punguzeni mwendo. Mnyoo wa plastiki wa inchi tano ule laini usio na uzito, ndoano imepita katikati ya mwili, unaurusha unauacha uzame wenyewe bila kuugusa, macho yako kwenye uzi tu, ukiona uzi unatembea pembeni vuta. Hii inamnasa samaki aliyekataa kila kitu siku nzima. Kwenye maji ya kina mfungo wa staili ya Carolina, risasi ya kuzamisha mbele, kisha futi mbili tatu za uzi, kisha mnyoo, unaburuta chini polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Ila angalieni, Fork imejaa miti iliyokufa imesimama majini tangu walipoanza kulijaza ziwa mwaka 1980, kwa hiyo ushauri wa uzi mwembamba unaousikia kwa watu wa maziwa mengine hapa una mpaka, ukiwa katikati ya matawi tumia uzi wenye nguvu ya pauni 15 kwenda juu, ule wa pauni 8 au 10 weka kwa ajili ya maji wazi. Na mkitembea na boti fuateni njia zilizowekewa maboya, visiki vya pale vimeng'oa propela za watu wengi.

Novemba saa za asubuhi sana si lazima kama kiangazi. Maji yakiwa yamepoa, saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri jua likipasha joto ndo mara nyingi samaki anaamka, kwa hiyo kunyweni chai yenu kwa amani. Kinyume chake mkienda Julai, mchana lala, vueni usiku, Fork usiku wa kiangazi ni dunia nyingine na maboti ya starehe yamelala.

Kuna suala la watano na boti moja. Boti la besi ni la watu wawili, watatu wakibanana, umesema mnakaa watano kwenye boti moja au mnapokezana, hiyo peke yake inapunguza nusu ya samaki wenu, uzi unashonana, wawili wa mbele wanavua, wa nyuma wanaosha macho. Kodini la pili, au siku moja ya kwanza mchukue kiongozi wa uvuvi wa pale. Viongozi wengi wanabeba wateja wawili, bei ni mia kadhaa za dola kwa siku, kwa hiyo chagueni wawili wenye kichwa cha kushika mambo waende naye siku ya kwanza, wakirudi jioni wawafundishe wengine na wajue samaki wako kina gani wiki hiyo. Hiyo hela inalipa kuliko hela ya chambo kipya mnachonunua kila mwaka. Wale wawili uliosema hawajawahi kunasa besi hata mmoja msiwatese, wawekeeni nusu siku ya krapi au kambale kando ya nguzo za daraja kwa samaki wadogo hai, watavuta kitu, na jioni mtakuwa na cha kukaanga kwa ugali, manake kwenye besi ukifuata sheria ile ya inchi wengi wazuri wanarudi majini.

Kabla ya kuamua mwaka wowote ule, ingieni kwenye ripoti za idara ya wanyamapori ya jimbo, Texas Parks and Wildlife, wanapima samaki wa kila ziwa kubwa kwa boti linalopitisha umeme majini na kuwaduwaza samaki na wanaandika wamepata wangapi na wa urefu gani. Msitazame idadi tu, tazameni kama kuna wa inchi 14 mpaka 18 wengi, hao ndo wa miaka miwili mitatu ijayo. Na tafuteni kalenda ya mashindano ya ziwa hilo, ukikuta mashindano makubwa wiki yenu au wiki iliyotangulia, sogezeni.

Leseni nyingi za Texas za mwaka zinaisha Agosti 31, kwa hiyo mliozinunua kwa ajili ya Machi huenda hazitafika Novemba, angalieni tarehe na zikiwa zimeisha nunueni mpya, na sheria za urefu angalieni tena kwenye kitabu kipya cha Septemba manake zinabadilika. Anayehamia Texas kutoka jimbo lingine akumbuke anahesabiwa mkazi wa Texas baada ya kukaa zaidi ya miezi sita mfululizo, bei ya mgeni ni karibu mara mbili. Na yeyote atakayeshika usukani kama amezaliwa baada ya Agosti 1993 awe na cheti cha mafunzo ya boti. Nyumba yenu ileile pigeni simu mapema muulize bei ya katikati ya wiki Novemba, na muulize kama gati yao ina umeme wa kuchaji betri za boti, manake hilo mkilikosa mota ya umeme inakufa siku ya pili.